Hela za Korosho na za Kustaafu: Uulize Simu, Dalali wa Hisa au Mjomba?

Oktoba ikifika Mtwara, hata asiye na mkorosho mmoja anajua. Minada ikianza tu, bodaboda wanachangamka, mafundi bati wanakosa usingizi, na watu ambao hamjaonana tangu Idi wanaanza kukuamkia kwa sauti tamu. Nimekaa miaka kumi na moja kwenye dawati la uhasibu la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kwa hiyo foleni ya malipo nimeiona kutoka upande wa pili wa meza. Mkulima akishaona meseji ya benki, swali linalofuata huwa lile lile: sasa nizifanyeje? Naye humuuliza aliye karibu. Zamani aliye karibu alikuwa mjomba. Sasa hivi, kwa vijana hasa, ni simu. Anafungua programu ya akili mnemba, anaandika kiasi alichonacho, anasubiri sekunde chache, anapewa mpango mzima wa maisha.

Mwaka jana mama yangu mdogo alistaafu ualimu wa shule ya msingi, Newala. Kelele za kikokotoo cha mafao wote tunazijua. Kwa kundi lake mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, ulipandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40, akapata shilingi milioni 36 na pensheni ya kila mwezi. Ana mikorosho yake ekari tano na nyumba iliyofika usawa wa linta pale Chuno, Mtwara mjini. Akashuka na bahasha ya kaki, akakaa barazani kwangu Chikongola, akasema, "Mwanangu, wewe si mhasibu? Nipigie hesabu."

Sikumpigia. Nilichofanya ni kulipeleka swali lake lile lile sehemu tatu: kwenye programu ya simu, kwa dalali wa hisa mwenye leseni aliyeko Dar es Salaam, na kwenye kikao cha ndugu kilichoongozwa na kaka yake, yaani mjomba. Ulinganisho huu umetokana na hapo. Kama hela zako zimeingia au ziko njiani, pima mwenyewe.

Wenzetu wanalinganisha kitu kingine

Ukisoma mambo haya ya Marekani unaweza kudhani yanatuhusu moja kwa moja. Kule kuna kampuni kama Betterment na Wealthfront, ambazo mashine yenyewe ndiyo inayopanga na kushika uwekezaji wako. Wealthfront hutoza asilimia 0.25 ya mali yako kwa mwaka, wakati mshauri binadamu wa kawaida huchukua kama asilimia 1. Kwa milioni 36 hiyo ni shilingi 90,000 dhidi ya 360,000. Vanguard wao tangu 2015 wanachanganya: mashine inapanga, mtu anapokea simu. Morgan Stanley walikwenda njia nyingine. Mwaka 2023 waliwapa washauri wao msaidizi aliyetengenezwa kwa teknolojia ya OpenAI, wale wenye ChatGPT, awatafutie majibu kwenye marundo ya nyaraka. Mteja haongei na mashine hata kidogo, anaongea na mshauri wake ambaye safari hii amesoma.

Mpango huo wa mwisho ndio ninaoupenda, na nitaurudia.

Kwetu hali iko hivi: programu unayochati nayo haishiki hata senti yako. Hela zitakwenda kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS au ya kampuni nyingine, kwenye hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwenye hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali, kupitia Benki Kuu, au zitabaki benki. Kwa hiyo upande mmoja tuna msemaji asiyeshika hela, na upande wa pili tuna binadamu ambaye mara nyingi ana kitu cha kuuza. Hapo ndipo pa kulinganisha.

Hesabu: simu inashinda, ila uiangalie mwaka

Niliandika: mama wa miaka 60, milioni 36, anataka kipato cha uhakika. Programu ikajibu kwa Kiswahili safi, safi kuliko cha barua nyingi za ofisini. Ikapendekeza milioni 20 zikae kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 25 yenye kuponi, yaani malipo ya mwaka, ya asilimia 15.95, ikapiga hesabu: shilingi 3,190,000 kwa mwaka, zinalipwa mara mbili. Ikaeleza vizuri kwamba zabuni ya hatifungani inaanzia shilingi milioni moja, na kwamba ukibanwa unaweza kuiuza sokoni kabla ya muda wake.

Mama mdogo akavua miwani. "Milioni tatu kila mwaka? Bila salfa, bila palizi?"

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa kwenye mwaka. Kuponi ya 15.95 ni ya kweli, ndiyo iliyotumika hatifungani ya miaka 25 ilipoletwa mwaka 2021. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56. Kwa milioni 20 zile zile, hiyo ni 2,512,000 kwa mwaka, pungufu ya 678,000. Viwango hubadilika, na kinachokuhusu wewe ni kile kilichoandikwa kwenye tangazo la mnada utakaoingia, si kile ambacho mashine ilikisoma mahali fulani. Nilipoibana ikaomba radhi kwa adabu nyingi na kunipa kiwango kingine. Nacho ilikitaja bila mwaka.

Dalali nilimpigia siku ya pili. Kijana, sauti ya kuchoka kidogo. "Shikamoo mwalimu," akaanza, maana simu niliiweka spika. Hesabu za kichwa hana. Alisema subiri, nikasikia anabofya. Lakini alitaja tarehe ya mnada unaofuata, akasema hatifungani iliyopo safari hiyo ni ya miaka mingapi, akaeleza akaunti ya kutunzia dhamana, yaani hisa na hatifungani zako, inafunguliwaje na kitambulisho gani kinatakiwa. Alichokijua kilikuwa kichache kuliko cha simu, ila kilikuwa cha wiki ile.

Basi kwa hesabu tupu, fidia ya mfumuko wa bei, "nikiweka laki moja kwa miaka kumi nitapata nini", ulinganisho wa mkopo huu na ule, tumia simu bila wasiwasi. Nimepiga hesabu kwa mkono tangu enzi za vitabu vya hundi na sioni fahari yoyote ya kuendelea. Ila kila namba ambayo mashine imeileta yenyewe, kama riba, ada, kodi au kiwango cha chini, iandike pembeni kwa kalamu nyekundu, kaiulize kwa mtu wa leo.

Maswali ambayo hayakuulizwa

Hapa nikae kidogo, maana ndipo palipobadilisha kila kitu.

Dalali alipomaliza mambo ya akaunti alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, samahani nikuulize. Hatifungani hii inalipa riba. Wewe kwako riba ni tatizo?"

Mama mdogo ni Hajati mtarajiwa. Amevaa baibui tangu nimfahamu. Mimi mpwa wake, mhasibu, nimekaa naye siku nzima tukishangilia milioni tatu kwa mwaka, na sikuuliza. Simu nayo haikuuliza. "Ni tatizo," akasema, na mpango wote wa siku iliyopita ukaanguka hapo hapo.

Haki itendeke kwa mashine: niliporudi na kuandika kwamba ni Muislamu na hataki riba, iligeuka papo hapo. Ilieleza sukuku (hatifungani ya Kiislamu isiyo na riba) ni nini, mudharaba (ubia wa kugawana faida) na ijara (ukodishaji) vinatofautiana wapi, kwa ufasaha ambao dalali hakuufikia. Mfano wa ndani upo, Fursa Sukuk ya benki ya KCB ya mwaka 2022, na siku hizi kuna mifuko ya pamoja inayojinadi kuwa ya halali. Maarifa yalikuwamo tangu mwanzo. Yalikuwa yanasubiri mtu ayaite, na sisi hatukujua kwamba yanaitwa.

Swali la pili la dalali lilikuwa hili: "Nani mwingine anajua kwamba hela zimeingia?" Kimya. Kuku wa jirani akapita barazani. Kumbe kijana wake wa pili alishaambiwa, na alishachukua pikipiki kwa mkopo akitegemea mama atamalizia. Hakuna namna ungeliandika hilo kwenye programu, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa hajaamua kulisema kwa mtu yeyote.

Mimi ninapomlipa binadamu, nalipia maswali ya namna hiyo. Ushauri wenyewe nikiupata kwake ni nyongeza.

Mjomba ana anachokijua

Wasomi wa mjini wanapenda kumcheka mjomba. Kwetu Wamakonde, na kwa Wamakua na Wayao vile vile, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na neno la mjomba kwenye mali halikuwa la kubahatisha. Siku hizi sheria ya mirathi, faraidhi na mila zinagongana kwenye ua mmoja, na atakayekuwapo siku ya kugongana ni yeye.

Ushauri wake wa uwekezaji ulikuwa mbovu. Alitaka kinunuliwe kirikuu, kiende Newala na Mtwara kubeba mizigo, aendeshe mtoto wake. Kirikuu cha jirani yake kiko juu ya mawe tangu masika. Lakini katikati ya maneno yake akatupa jambo kama anatupa ganda la korosho: "Na ile nyumba ya Chuno usiipandishe kabla hujamalizana na yule wa nyuma. Mpaka ule niliusimamia mimi, minyaa ameing'oa."

Simu ilikuwa imependekeza milioni 14 zimalizie nyumba, vyumba vipangishwe wanafunzi wa vyuo. Dalali aliafiki. Wote wawili walikuwa wanazungumzia kiwanja chenye mgogoro bila kujua. Kwa hiyo mjomba msikilize kwa habari, ila uamuzi usimwachie.

Msimu si mshahara

Kuna kasoro moja ya mipango ya mashine ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuiona haraka. Kila mpango nilioletewa uliandikwa kwa mwezi: weka kiasi fulani kila tarehe 30. Mkulima wa Tandahimba hana tarehe 30. Ana Oktoba hadi Januari, basi. Wa Lindi, Ruangwa au Nachingwea anaongeza ufuta katikati ya mwaka, na mbaazi zikimkubali. Katikati kuna salfa, palizi, ada za shule, na kuna jando na unyago ambavyo havisubiri mfuko wako ukue. Anayeambiwa aweke akiba kila mwezi atafika Agosti hana kitu, na Agosti ndiyo mwezi wa kangomba.

Nilijaribu kuiuliza programu kangomba ni nini. Ikaniambia ni samaki wa maji baridi. Nikacheka peke yangu ofisini. Kisha nikaacha kucheka, maana kuuza korosho ikiwa bado juu ya mti kwa bei ya kutupa ndiyo njia kuu ambayo watu wetu wanapotezea mali, na mshauri asiyelijua neno hilo hajui adui yako anakaa wapi. Ukimweleza, anaelewa na kupanga upya vizuri. Lakini inabidi umweleze, na anayehitaji zaidi ushauri huo ndiye asiyejua la kueleza.

Vivyo hivyo msimu wa 2018. Bei ziligoma, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo, na wenye kilo nyingi wakahakikiwa mashamba kwanza. Kuna waliokaa miezi wakisubiri. Ukiilisha mashine bei za misimu yote itakuchorea mstari mzuri tu. Aliyekuwa dirishani mwaka ule anakushauri uwe na hela za kula za miezi sita nje ya uwekezaji wowote, na hakuchorei kitu.

Binadamu naye si malaika

Nisije nikaonekana nampigia debe mtu. Miaka ile ya homa ya gesi, 2012 na 2013, nilinunua kiwanja nje kidogo ya mji kwa maneno ya bwana mmoja aliyejiita mshauri wa uwekezaji. Alikuwa na shati jeupe, na alimjua marehemu baba yangu kwa jina. Mahoteli yanakuja, aliniambia. Bomba la gesi lilijengwa likaenda Dar es Salaam, bwana yule naye sijui alielekea wapi, na kiwanja changu kina mbuzi watatu ambao si wangu. Mashine isiyomjua baba yangu isingeniuzia kiwanja kile.

Upatu wa DECI, uliofungwa na Serikali mwaka 2009, uliwaingiza maelfu ya watu kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna. Mtu alivutwa na jirani yake, na jirani na muumini mwenzake. Huo ulikuwa mguso wa kibinadamu kwa asilimia mia. Watu wakisema mashine zinakosa utu, mimi huwa nakumbuka foleni zile.

Halafu kuna hili la ada. Dalali hakututoza hata shilingi kwa simu ile ya dakika arobaini. Anakula kamisheni siku ukinunua au kuuza. Afisa wa benki ana malengo ya mwezi. Si dhambi, ila muulize usoni, "Nikifanya hivi wewe unapata nini?" Wa kwetu alijibu bila kung'ata maneno, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Upande wa mashine nao una wauza maneno. Machi 2024 mamlaka ya dhamana ya Marekani ilizitoza kampuni mbili, Delphia na Global Predictions, jumla ya dola 400,000 kwa kudai zinatumia akili mnemba kuwekeza kwa namna ambayo haikuwa kweli. Kikundi cha WhatsApp kikikuambia kuna roboti inayozalisha asilimia fulani kila siku, hiyo ni DECI iliyobadilisha nguo.

Siri na uwajibikaji

Hapa nitapita haraka. Mashine haina jirani, na katika mji mdogo kama wetu hilo si jambo dogo. Milioni zako hazitasimuliwa sokoni. Lakini usiipe namba ya NIDA, namba ya akaunti wala picha ya taarifa ya benki. Andika "mama wa miaka 60", inatosha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, ila kompyuta iliyopokea maneno yako huenda iko bara jingine.

Kuwajibika ni upande wa binadamu, mradi awe na leseni. Orodha ya madalali na washauri wenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Jina lisipokuwamo, kata simu. Programu ikikupoteza hakuna pa kupeleka malalamiko. Na intaneti ikikatika, kama Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, mshauri wako mzima hayupo.

Kwa uwazi, mashine ina sifa yake. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), mkulima anaona bei zikipanda kwenye skrini. Nimeshuhudia enzi za sanduku la zabuni. Sitaki kurudi.

Sasa wewe uchague nini

Kama una chini ya milioni mbili, huhitaji kumlipa mtu. Itumie simu ikufundishe maneno: kipande, kuponi, ukwasi, thamani halisi ya kipande. Kisha ingia kwenye mfuko rahisi. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS hautozi unapoingia wala unapotoka, kwa hiyo hata ukikosea hujakosea sana. Kijana mwenye mshahara na asiye na wategemezi wengi naye yuko hapa hapa, hata akiwa na zaidi ya hizo; anaweza kununua hisa kwa simu kupitia Hisa Kiganjani na binadamu asimwone kabisa.

Mkulima wa msimu aanze na mtu anayejua kalenda ya zao. Huyo anaweza kuwa mhasibu wa chama au mkulima mwenzake aliyefanikiwa bila kelele. Wagawe mwaka kwanza kwenye karatasi. Baada ya hapo simu ipige hesabu ya kilichobaki.

Mstaafu, mjane, au yeyote aliyeshika mkupuo ambao hautarudi mara ya pili, afanye kama wale Morgan Stanley, ila kinyumbani: mashine imwandae, binadamu mwenye leseni amsikilize. Aketi na mtoto mwenye simu nzuri, aulize kila kitu hata cha kijinga, maana mashine haichoki wala haitakucheka, aandike maswali kumi, ndipo ampigie dalali. Ndugu waitwe baada ya hapo, waulizwe wanachokijua, wasiulizwe wanachotaka. Mpangilio huo una maana. Sisi tulianza kwa kushangilia na ndugu wakaingia mapema, ikatugharimu wiki mbili za maneno.

Mwenye mali nyingi yenye vipande vingi, nyumba Lindi, mashua Mikindani, watoto wa mama wawili, aende kwa wakili kabla ya kwenda kwa yeyote kati ya hawa.

Mama mdogo aligawa hivi: milioni 12 mfuko wa halali, milioni 6 benki kwenye akaunti isiyo na riba, ndani ya ile milioni 7.5 inayolindwa na Bodi ya Bima ya Amana, milioni 4 shambani, na milioni 14 za nyumba zimekaa pembeni hadi mpaka upimwe. Pikipiki ya kijana hakuilipia. Wiki iliyopita alinipigia kutoka Newala, kumbe mjukuu wake amemwekea ile programu kwenye simu yake mwenyewe. Alitaka kujua kama ni adabu kuiaga ukimaliza kuongea nayo.